Mali ya Shirika na Mlango Wake

Mtoto ana walimu wawili kabla hajajua kusoma: mzazi wake na ulimwengu. Wahenga walisema kuwa asiyefunzwa na mamae hufunzwa na ulimwengu, na katika methali hiyo mama ametangulizwa, ulimwengu ukawekwa nyuma kama adhabu. Walakini methali haikusema kuwa mama hujua kila jambo, wala kuwa ulimwengu hauna jema la kufundisha. Mzazi atakaye kuwa mwalimu pekee wa mwanawe hutambua upesi kuwa elimu ni pana kuliko nyumba yake. Hapo hana budi kubisha hodi kwa jirani. Insha hii yahusu yatokeayo baada ya hodi hiyo kuitikiwa. Watu waliojitenga na kitu cha wote wanapounda kitu cha shirika baina yao, mali ile ni ya nani, na ni nani astahiliye kuingia? Mfano wangu ni familia za Kikristo za Marekani zifundishazo watoto wao nyumbani, maana kwao swali hili hurudi kila juma na kudai jibu.

Kufundisha nyumbani si desturi ya Wakristo peke yao. Katika miaka ya 1970 watetezi wake mashuhuri walikuwa wa namna mbili. John Holt, mwalimu ambaye mwaka 1964 alikuwa amekwisha kuandika juu ya kushindwa kwa watoto shuleni, hakusukumwa na dini. Aliona kuwa shule huzima hamu ya mtoto ya kujua. Raymond Moore na mkewe Dorothy, Waadventista wa Sabato, walishika katika kitabu chao cha 1975 kuwa watoto wadogo hupelekwa shuleni mapema mno. Katika miaka ya 1980 Wakristo wa kiinjili walijiunga kwa wingi. Wengi wao walikuwa wamehuzunishwa na hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani za 1962 na 1963, ambazo zilizuia shule za serikali kuongoza sala na kusoma Biblia kwa namna ya ibada. Siku zile sheria za majimbo mengi hazikuwapendelea wazazi hawa, na baadhi yao walishtakiwa. Mwaka 1983 mawakili Michael Farris na J. Michael Smith walianzisha chama ambacho kila familia hulipa ada ya mwaka, na mwanachama akipatwa na mashtaka hutetewa na mawakili wa chama. Kufikia 1993 ufundishaji wa nyumbani ulikuwa halali katika majimbo yote 50. Serikali ya nchi hiyo ilikadiria kuwa mwaka 1999 watoto 850,000 hivi walifundishwa nyumbani, na mwaka 2012 watoto 1,800,000 hivi.

Katika historia hiyo kuna jambo la kutazamwa sana. Watu waliosifiwa na wengine, na kulaumiwa na wengine, kwa sababu ya kujitenga, hawakukaa peke yao. Kitu chao cha kwanza cha shirika kilikuwa hofu ya mahakama, na hofu ile ikazaa mfuko wa utetezi. Kisha vikafuata vitu vya amani. Mama mmoja ajua hisabati lakini hajui Kilatini. Wa pili ajua kuimba lakini aogopa kemia. Wa tatu alikuwa muuguzi kabla ya kuzaa, naye aweza kueleza moyo na mapafu kuliko kitabu. Basi hukutana siku moja kwa juma, aghalabu katika ukumbi wa kanisa, kwa kuwa jengo lile hujaa Jumapili na kuwa tupu siku nyingine. Kila mzazi ana zamu yake: huyu hufundisha, huyu hutunza watoto wachanga, huyu hufagia ukumbi mwisho wa siku. Hadubini moja, ambayo ni ghali kwa nyumba moja, hununuliwa kwa mchango na kutumiwa na nyumba kumi. Vitabu hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, na kila mwaka huwapo mnada au soko la vitabu vilivyotumika.

Lugha yetu inalo neno la zamani kwa desturi inayofanana na hiyo, nalo ni kikoa. Watu wa kikoa hula pamoja kwa zamu, leo kwangu na kesho kwako, na hakuna alaye bila kujua kuwa zamu yake yaja. Chakula cha kikoa si sadaka, maana mlaji atalipa. Wala si biashara, maana hakuna apimaye wali kwa ratili. Kati ya sadaka na biashara pana nafasi, na katika nafasi hiyo ndimo mashirika haya yaishimo.

Yafaa sasa tuitenge mali yao katika mafungu matatu, kwa kuwa kila fungu lina tabia yake. Fungu la kwanza ni vitu: vitabu, ramani, hadubini, viti. Vitu huchakaa, na mmoja akivitumia mwingine hungoja. Fungu la pili ni maarifa. Haya ni mali ya ajabu, maana mwenye nayo hugawa asipungukiwe. Mama afundishaye Kilatini watoto wake wawili aweza kufundisha wanane kwa saa ile ile, naye hurudi nyumbani na Kilatini chake chote. Fungu la tatu ni wakati, nao ndio mali iishayo upesi kuliko zote. Vitu vikikosekana shirika laweza kuazima. Maarifa yakikosekana laweza kujifunza. Lakini saa ya mtu ikitumika hairudi. Atakaye kujua utajiri wa shirika kama hili asihesabu vitabu vyake. Ahesabu saa ambazo wazazi wake, na hasa akina mama, hutoa bila mshahara.

Juu ya mali ya shirika wataalamu wawili wamesema maneno yanayopingana. Mwaka 1968 Garrett Hardin, mtaalamu wa elimu ya viumbe, aliandika kuwa malisho yaliyo wazi kwa wote huharibika, kwa kuwa kila mchungaji huona faida ya kuongeza ng'ombe mmoja, na hasara huwagawanyikia wote. Mwaka 1990 Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kuwa hadithi ile si lazima itimie. Alitazama malisho ya milimani Uswisi, misitu ya vijiji vya Ujapani na mifereji ya mashamba ya Uhispania, akakuta watu waliotunza mali yao ya shirika kwa karne nyingi. Walijua ni nani mwenzao na nani si mwenzao, walitunga kanuni wenyewe, walitazamana, na aliyevunja kanuni aliadhibiwa kwanza kidogo, kisha zaidi. Kikoa cha elimu kina maradhi yale yale na dawa ile ile. Maradhi ni mzazi aletaye watoto watano asubuhi akaenda zake mpaka jioni. Dawa yake yajulikana katika methali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Basi mlango ni lazima. Shirika lisilo na mlango ni njia, na njia haina mwenyewe. Lakini tukikubali kuwa mlango ni lazima hatujasema bado uwe wa namna gani, na hapa ndipo penye uzito wa swali letu.

Mashirika mengi ya Kikristo yameweka mlangoni ungamo la imani. Mengine humtaka kila mzazi alitie sahihi. Mengine huwataka walimu na viongozi tu. Hoja ya wenye kuliweka si dhaifu. Husema kuwa walitoka shule za umma ili watoto wao walelewe katika imani moja, na mwalimu asiyeiamini angebomoa saa nne yaliyojengwa saa tatu. Husema tena kuwa watu wenye ahadi moja huaminiana upesi, na kuaminiana huokoa kanuni nyingi. Mtu hampi kila apitaye mtoto wake amfundishe.

Hoja ya upande wa pili nayo yastahili kusikilizwa. Moja katika faida kubwa za shirika kwa mtoto ni kuonwa na macho yasiyo ya mzazi wake. Mtu mzima mwingine humsahihisha, humsifu, na yamkini hugundua huzuni ambayo nyumbani haikugunduliwa. Ikiwa macho yote hayo yamechaguliwa yaone sawasawa na macho ya baba yake, mtoto ameongezewa idadi ya macho lakini hakuongezewa kuona. Fauka ya hayo, mwaka 2020 mlango ulibishwa kwa nguvu. Katika miezi ya maradhi ya korona, Idara ya Sensa ya Marekani ilikuta kuwa kaya zifundishazo nyumbani, katika kaya zenye watoto wa umri wa shule, zilipanda kutoka asilimia 5.4 majira ya kuchipua hadi 11.1 majira ya kupukutika kwa majani. Wengi waliobisha hawakuja kwa ajili ya ungamo lolote. Walikuwa na watoto na hawakujua pa kuanzia.

Mimi naona kuwa ungamo lina mahali pake, nalo hupotoka linapotoka mahali hapo. Afundishaye dini na aongozaye ibada aulizwe imani yake, maana hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Lakini hadubini haina dhehebu. Kutenga mafundisho ya imani ni kulinda amana. Kutenga ramani na uwanja wa mpira ni kuugeuza ushirika uwe kujipenda kwa watu wengi kwa pamoja.

Ungamo hata hivyo ni mlango uonekanao, na uonekanao waweza kujadiliwa. Pana mlango wa pili usioandikwa popote, nao ni ule wa wakati. Tumesema kuwa sarafu ya shirika hili ni saa. Mwenye mume aletaye mshahara ana saa za kutoa. Mjane, au mama aliyeachwa, ambaye hufanya kazi ya kulipwa mchana na kufundisha watoto wake jioni, hana. Hakuna aliyemkataza kuingia. Kanuni ya zamu ndiyo imkataayo, kwa upole na kwa haki ya hesabu. Kanuni iliyotungwa kumzuia mvivu imemzuia maskini, na mlangoni wote wawili huonekana sawa, maana kila mmoja hakuja siku ya zamu yake.

Wakristo hawa hupenda kutaja kanisa la kwanza la Yerusalemu, ambalo kwa habari ya Kitabu cha Matendo ya Mitume lilikuwa na vitu vyote shirika. Hutajwa sura ya pili na ya nne, na pengine ya tano penye udanganyifu wa Anania na Safira. Sura ya sita haitajwi sana, nayo ndiyo yenye fundisho hili. Wayahudi wasemao Kiyunani walinung'unika kuwa wajane wao walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mali ilikuwamo, wema ulikuwamo, na bado baadhi ya watu walipitwa, nao walikuwa wajane na wageni wa lugha. Mitume hawakujibu kuwa mlango uko wazi kwa wote. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kuisimamia kazi ile, na majina ya wote saba, tangu Stefano hata Nikolao wa Antiokia, ni ya Kiyunani. Yaelekea usimamizi ulitiwa mikononi mwa watu wa jamaa ya walionung'unika. Shirika litakalo kufuata mfano huo limwite mama asiye na saa katika baraza la kutunga zamu, lipime wajibu kwa uwezo, na zamu ya asiyeweza ibebwe na wawezao. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini anayedaiwa asichonacho hakuombwa moyo.

Limebaki deni moja, la walio ndani kwa walio nje. Mwaka 1922 jimbo la Oregon lilipitisha sheria ya kuwalazimisha watoto karibu wote kusoma katika shule za umma. Mwaka 1925 Mahakama ya Juu iliibatilisha, ikathibitisha haki ya wazazi kuongoza malezi na elimu ya watoto wao. Lakini haikuiondolea serikali uwezo wa kuhakikisha kuwa watoto wanafundishwa. Hukumu ile ina pande mbili, na mwenye kushika upande mmoja ameshika nusu. Familia hizi husema kwa kweli kuwa hulipa kodi kwa ajili ya shule zisizotumiwa na watoto wao. Ni kweli pia kuwa huazima vitabu katika maktaba za umma zilizolipiwa na majirani, wengine wasio na mtoto hata mmoja. Jimbo la Florida lilitunga sheria mwaka 1996 ya kuwaruhusu wafundishwao nyumbani kuchezea timu za shule za umma, na Tim Tebow, mwana wa wamisionari, aliinukia katika uwanja wa namna hiyo. Aliyetoka katika chungu cha wote bado huchota maji ya kisima cha wote. Si aibu kuchota. Aibu ni kusahau kukisafisha kisima.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili. Mali ya shirika ni ya walioitolea jasho, nao wana haki ya kuweka mlango. Lakini haki ya kuweka mlango huja na wajibu wa kukaa karibu nao na kusikiliza, ili ijulikane anayebisha ni mvivu au ni mchovu. Mtoto aliyeko ukumbini hujifunza Kilatini kutoka kwa mwalimu wake; na mlango ule anavyouona ukifunguliwa na kufungwa, humfundisha jirani yake ni nani. Somo hilo la pili halina kitabu, na ndilo atakalolikumbuka.