Amana ya Kitu Kisichooza

Mwaka 1870, huko Albany katika jimbo la New York, John Wesley Hyatt alisajili ufundi wa kuchanganya pamba iliyogeuzwa kwa asidi na kafuri, kafuri ile ile tuitiayo katika maji ya kuoshea maiti, ikatoka seluloidi, ambayo wauzaji wake waliisifu kuwa itamnusuru ndovu. Kwani zama hizo pembe zilikuwa zikishuka mabegani mwa wapagazi hadi Bagamoyo, zikavushwa Unguja, zikaishia kuwa vitana na mipira ya biliadi katika majumba ya Ulaya na Marekani. Plastiki, basi, ilizaliwa na mimea. Makaa ya mawe na mafuta yalikuja baadaye.

Nakumbusha haya kwa sababu wako leo wanaoamini, tena kwa nia safi, kwamba kuirudisha plastiki kwenye miwa na mahindi ni toba iliyotimia. Faida ipo, wala si haki kuikana: kaboni ambayo mmea umeivuta angani si sawa na ile iliyofukuliwa tumboni mwa ardhi. Walakini Brazil, tangu mwaka 2010, hutengeneza kwa spiriti ya miwa polithini isiyotofautiana na ile ya mafuta, na mfuko wake ukinasa katika matumbawe hukaa vile vile. Na plastiki ya asidi ya maziwa, ipatikanayo kwa kuchachusha sukari ya mahindi, huhitaji joto la karibu digrii 60 ndipo ioze upesi, joto ambalo bahari yetu haina.

Hapo ndipo swali linapotoka karakanani likaingia katika dini. Ikiwa binadamu ni khalifa katika ardhi, basi kila akishikacho ni amana, na aliyewekewa amana haulizwi tu imetoka kwa nani, bali atairejesha katika hali gani. Pakacha la makuti lilikuwa na jawabu hilo ndani yake, kwani aliyelisuka hakuweza kulizuia kuoza hata angetaka. Sisi tumejipa uwezo wa kukifanya kitu cha saa moja kidumu karne, na uwezo huo haukufuatwa na wajibu ulio sawa nao. Tena shamba linaloombwa kuzaa vifungashio ndilo linaloombwa kuzaa chakula, na kumpunguzia mwenye njaa ili zifungwe bidhaa za aliyeshiba ni dhulma isiyofutika hata kifungashio kikioza kesho yake.

Kwa hiyo kiwanda, kabla hakijapewa idhini, na kiulizwe nani atakayevikusanya vitu vyake, kwa gharama ya nani, na mtambo wa kuviozesha uko mji gani. Na jawabu likikosekana, idhini nayo isitolewe, ijapokuwa malighafi yake yote ni miwa.