Chanda Chema na Mcheza Kwao

Wazee wetu wametuachia methali mbili ambazo twazitumia kila siku, wala hatuoni kwamba zagombana. Ya kwanza yasema, "Chanda chema huvikwa pete." Ya pili yasema, "Mcheza kwao hutunzwa." Zitazameni sana. Ile ya kwanza yampa mtu heshima kwa sababu ya uzuri wa kazi yake, wala haiulizi ametoka wapi. Ile ya pili yampa mtu heshima kwa sababu yuko kwao, wala haiulizi amecheza vizuri au vibaya. Basi ikiwa mgeni amecheza vizuri na mwenyeji amecheza vibaya, heshima apewe nani?

Hilo ndilo swali nitakalo kulichungua, na mfano wangu nautoa katika mchezo wa mpira. Labda mtu atasema, "Mwalimu, mpira ni mchezo tu, una habari gani na mambo ya haki na wajibu?" Nami namjibu kwamba tabia ya mtu huonekana upesi zaidi katika mchezo kuliko katika kazi. Kazini watu hujizuia kwa kuogopa bwana wao na mshahara wao. Mchezoni kila mtu huonyesha moyo wake ulivyo. Tena hapa kwetu Korogwe na Handeni hakuna habari izungumzwayo barazani kuliko hiyo, na jambo lizungumzwalo na watu wote yafaa lifikiriwe na watu wote.

Katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara ya mwaka 2015/16 zilicheza timu 16, na kila timu ilikuwa na michezo 30. Iko mikoa mingi ambayo haikuwa na timu hata moja, lakini mkoa wetu wa Tanga ulikuwa nazo tatu. Kwanza ni Coastal Union, ambayo ilikuwa bingwa wa nchi mwaka 1988, nayo watu huiita Wagosi wa Kaya, maana yake kwa lugha zetu za huku ni wanaume wa nyumbani. Pili ni African Sports, wenzao wa mjini Tanga, waliokuwa wamepanda mwaka ule ule wa 2015. Tatu ni Mgambo, timu ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo kambi yake ipo Kabuku katika Wilaya ya Handeni, ingawa michezo yake iliichezea Tanga katika uwanja wa Mkwakwani.

Ligi ilipokwisha mwezi wa Mei 2016, Yanga ilikuwa bingwa kwa pointi 73, ikafuatwa na Azam, kisha Simba. Na timu zilizoshuka daraja zilikuwa tatu. Zilikuwa zipi? Coastal Union, African Sports, na Mgambo. Mkoa uliokuwa na timu tatu ukabaki hauna hata moja.

Je, tulidhulumiwa? Hapana. Kushinda ni pointi tatu, kwenda sare ni pointi moja, kushindwa hakuna kitu. Hesabu hiyo ni moja kwa tajiri na kwa maskini, kwa mji mkubwa na kwa mji mdogo. Kama mwenye kuandika hesabu angalituonea huruma akatuongezea pointi mbili tatu kwa sababu sisi ni watu wa zamani katika mchezo, angalimdhulumu mtu mwingine aliyezipata zake kwa jasho. Hapo methali ya kwanza yatawala peke yake. Pete ni ya chanda chema, na mwaka ule chanda chetu hakikuwa chema. Mtu mzima hukubali neno hilo bila ya kununa.

Walakini mwenye akili hasimami hapo, huuliza tena. Mizani ni moja, ndiyo, lakini waliopimwa walikuwa wamekula chakula kimoja? Timu haili upepo. Yahitaji viatu, nauli, mahali pa kulala, posho za wachezaji, mwalimu wa kuwafundisha, na daktari wa kuwafunga magoti yao. Mambo hayo hutoka kwa matajiri, lakini sehemu yake hutoka kwa watazamaji walipao kiingilio mlangoni. Na kila mtu aujuaye uwanja wa Mkwakwani ajua mambo yake yalivyo: Simba au Yanga wakija, watu hugombania tiketi, wakija wageni wasio na jina, ngazi za uwanja huwa nyeupe. Tena siku ile uwanja unapojaa, wengi katika waliojaa wamevaa nguo nyekundu za Simba au za kijani na manjano za Yanga, nao ni watu wetu, wamepanda gari Korogwe, Muheza na Handeni kwenda kumshangilia mgeni.

Kumbukeni mwaka 2014. Mwezi wa Februari Mgambo iliifunga Simba 1–0 pale Mkwakwani, na mwezi wa Machi ikaifunga Yanga 2–1. Timu ya kambi ya Kabuku kuwafunga wakubwa wote wawili katika muda wa miezi miwili si jambo dogo. Sasa nauliza, mtu wa Handeni aliyevaa nguo ya Yanga siku ile alirudi nyumbani na uso gani? Kama alihuzunika, basi ushindi wa kwao umekuwa msiba wake. Na kama alifurahi, aliivaa nguo ile kwa nini?

Mtu wa namna hiyo ana jibu lake, nalo si la kudharauliwa. Atasema, "Mapenzi hayalazimishwi. Mimi nimezaliwa nikamkuta baba yangu ni mtu wa Yanga, na furaha zangu nyingi nimezipata kwao. Tena Yanga si ya Dar es Salaam peke yake, ni ya nchi nzima." Maneno yake ni kweli. Simuamuru mtu achukie timu aliyoipenda tangu utoto, wala sioni dhambi katika kupenda kitu cha mbali. Nasema tu kwamba mapenzi ni kitu kimoja na wajibu ni kitu kingine. Mtu aweza kumpenda rafiki yake wa mbali kuliko ndugu yake, hakuna awezaye kumzuia, lakini ndugu huyo akilala na njaa nyumba ya pili, hataweza kujitetea kwa kusema, "Nilikuwa nampenda rafiki."

Hapa yafaa tulitazame lile neno la methali ya pili, maana lina siri. Mcheza kwao *hutunzwa*. Kutunza katika lugha yetu kuna maana mbili. Maana ya kwanza ni kumpa mtu tuzo, kama vile watu wamwekavyo fedha mchezaji wa ngoma anayewapendeza. Maana ya pili ni kukiangalia kitu kisiharibike, kama vile mtu atunzavyo mche wa mchungwa wakati wa kiangazi. Wengi wetu twaijua ile ya kwanza tu, twangoja mchezaji atupendeze ndipo tutoe. Lakini kama maana ingalikuwa hiyo peke yake, methali ya pili isingalikuwa na kazi, maana ile ya chanda chema yatosha kwa hayo. Mimi naona wazee walikusudia zote mbili. Mgeni hutuzwa akiisha kucheza vizuri. Mcheza kwao hutunzwa ili apate kucheza vizuri. Kwa hiyo methali hizi hazigombani, ila kila moja ina saa yake. Moja ni ya siku ya kupima, nyingine ni ya siku zote zinazotangulia siku hiyo.

Mwenye kuchanganya saa hizi mbili hukosa, naye aweza kukosa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya yule asemaye, "Nitawatunza wakishinda." Huyu ameitia pete mahali pa maji. Hamwagilii mche, halafu auliza kwa nini hauna matunda, kisha aenda kununua machungwa ya mtu mwingine na kuyasifu.

Njia ya pili ni kinyume chake, nayo tuliiona mwaka ule ule. Mwezi wa Aprili 2016 Coastal Union, iliyokuwa ikizama katika ligi, ilikwenda Dar es Salaam katika mashindano ya Kombe la Shirikisho ikaitoa Simba kwa mabao 2–1. Nusu fainali ikawa Mkwakwani, na mgeni alikuwa Yanga. Mchezo ulikwenda hata muda wa nyongeza, Yanga wakawa mbele kwa mabao 2–1, ndipo ghasia za watazamaji zikazuka, na mchezo ukavunjika. Baadaye Yanga wakapewa ushindi. Mwenye kufanya ghasia hujiona kuwa ndiye ampendaye kwao kuliko wote. Lakini ametaka nini? Ametaka mcheza kwao avikwe pete kwa nguvu, siku ya kupima. Hiyo si kutunza, ni kuvunja mizani. Na mtu akivunja mizani leo kwa sababu yampima ndugu yake, kesho hana la kusema mwizi akiivunja ili amdhulumu yeye. Tena amewanyang'anya wachezaji wake zile dakika chache walizobakiwa nazo za kusawazisha.

Basi yule aliyekaa mbali na yule aliyefanya ghasia, ingawa waonekana kuwa maadui, ni ndugu. Wote wawili walipenda kushinda, hawakupenda kutunza.

Mtu atauliza, "Na kama tukitunza, tutashinda?" Siwezi kuahidi. Coastal Union ilirudi Ligi Kuu mwaka 2018; wenzake wawili hawakupanda pamoja nayo. Mwezi wa Julai 2022 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Yanga huko Arusha, mabao yakawa 3–3, na kijana mmoja, Abdul Suleiman aitwaye Sopu, akayafunga yote matatu ya Coastal. Hata hivyo Yanga wakashinda kwa mikwaju ya penalti. Mwaka ule ule Sopu akachukuliwa na Azam. Katika ligi ya 2023/24 Coastal ikawa ya nne. Mtaona kwamba mwenye kutunza mara hupata, mara hukosa, na mara nyingine matunda yakiiva huchumwa na mwenye fedha nyingi zaidi. Anayetunza kwa kutazamia malipo tu ni mfanya biashara, naye biashara ikiharibika atakimbia. Anayetunza kwa sababu mche umeota uani kwake, huyo haendi popote.

Basi yatupasa nini sisi wa vijijini? Si wote wawezao kwenda Tanga kila juma. Lakini katika Mombo na Magoma, katika Sindeni na Kabuku, wapo vijana wachezao jioni katika viwanja vyenye visiki, kwa mpira mmoja ulioshonwa mara nne. Vibanda umiza vyetu hujaa watu walipao fedha waone mchezo wa mbali katika televisheni. Je, wangapi katika hao wamewahi kutoa fedha kama hiyo kwa kununua mpira wa kijiji? Wangapi wamekwenda na jembe kung'oa visiki? Na kijana wetu akirudi kutoka mjini ameachwa na timu, goti limevimba, twampokea kama mtu wa kwetu, au twamcheka? Wazee walisema, "Ng'ombe avunjikapo guu malishoni hukimbilia zizini." Walakini hawakusema atakuta nini huko. Hilo wametuachia sisi wenye zizi.

Pete wataivisha wengine, kwa hesabu yao, na hesabu hiyo ni ya haki. Jembe, mpira na mlango wa zizi vipo mikononi mwetu.