Hodi Kutoka Angani

Je, mtu anayenitukana kwa sababu nimerusha droni juu ya mtaa wake ni adui yangu, au ni mtu anayenidai? Hilo ndilo swali ninalotaka tulitafakari, ndugu msomaji, na sitaki tulikimbie kwa kusema eti watu wetu bado hawajazoea mitambo. Mimi kazi yangu ni hiyo. Narusha droni kwenye harusi, kwenye viwanja vinavyouzwa, na mara nyingine, mfuko ukiruhusu, narusha kwa ajili yangu mwenyewe, kupiga picha za hili jiji la Dar es Salaam ambalo ukilitazama kutoka juu unalipenda upya. Katika kazi hiyo nimezomewa, nimeulizwa ungo wangu nimeuacha wapi, na manati za watoto nazijua vizuri. Nadhani kila mrushaji wa hapa mjini ana hadithi zake.

Kijiweni kwetu, wapiga picha tukikutana, tunafundishana namna ya kuwakabili watu hao. Mbinu ni nyingi, lakini ukizichuja zinabaki tatu. Ya kwanza ni kuwahi: pandisha, piga, shusha, potea. Betri yenyewe ya droni ndogo inadumu kama nusu saa tu, kwa hiyo kabla watu hawajakusanyika wewe uko ndani ya bajaji. Ya pili ni kuvaa kizibao cha reflekta na kofia ngumu, na karatasi mkononi, ili watu wadhani umetumwa na serikali au na kampuni ya barabara. Ya tatu ni kutoa kibali. Kwetu Tanzania zipo Kanuni za mwaka 2018 zinazohusu ndege zisizo na rubani, na ukitaka kurusha unapita Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Wizara ya Ulinzi. Mtu akishaona mihuri hiyo, bwana, ananywea.

Hebu tuzipime mbinu hizi kwa mizani ya haki, tuache kwanza mizani ya kufanikiwa. Ile ya kwanza ni mwendo wa mwizi, hata kama anayeutumia hajaiba kitu. Ya pili ni uongo, tena uongo mbaya, kwani unaazima nguvu ya serikali ili kumfunga mtu mdomo. Yule mzee aliyenyamaza alipoona reflekta hakuridhika. Ameogopa tu, na kesho atamwogopa na fundi wa bomba. Ya tatu ni ya kweli, lakini inajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Wenye mihuri wanajali droni isigongane na ndege, isiwaangukie watu, isiende kupiga picha mahali pa ulinzi. Mama aliyesimama mlangoni akauliza, “Wewe kijana, unatazama nini uani kwangu?” hana habari na ndege za abiria. Ukimpa kibali ni sawa na mtu kukuuliza njaa inakuuma, wewe ukamjibu saa ngapi.

Sasa basi, mama huyu ana haki gani? Anga ni la nani?

Swali hili lilishafika mahakamani zamani, kabla droni hazijawa za kununuliwa dukani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, huko Carolina ya Kaskazini nchini Marekani, mfugaji mmoja wa kuku alikuwa anakaa karibu na uwanja ambao jeshi lilikuwa likiutumia. Ndege za kijeshi zilipita futi 83 juu ya shamba lake, yaani kama mita 25 hivi. Kuku walikurupuka kwa hofu, wakajibamiza ukutani wakafa, na biashara ikamfia. Mwaka 1946 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisema mambo mawili ambayo mpaka leo yananifikirisha. Kwanza, ile imani ya kale kwamba mwenye ardhi anamiliki mpaka mbinguni haina nafasi tena katika dunia ya ndege. Pili, hata hivyo, mwenye ardhi anayo haki juu ya ile hewa ya karibu anayoihitaji ili akae kwake na kufaidi kilicho chake. Kwa hiyo anga si lake lote, na si la kila mpita njia lote. Kati ya paa na mawingu pana mpaka, ila hakuna aliyeuchora.

Kwetu sisi Katiba ya 1977, ibara ya 16, inampa kila mtu heshima na hifadhi ya maisha yake binafsi na maskani yake. Lakini mimi nadhani watu wa pwani walilijua jambo hili kabla ya katiba yoyote. Tazama namna walivyojenga. Nje wakaweka baraza la wageni, ndani wakaficha ua, na vyumba vya ndani kabisa vikawa vya wenyewe. Lamu wakafika mpaka kujenga wikio, chumba kinachovuka juu ya uchochoro, ili wanawake watoke nyumba moja kwenda nyingine bila kuonwa na wa chini. Na mlangoni ipo hodi. Unabisha, unangoja, ukibisha mara tatu usijibiwe, unaondoka. Hata kama umemsikia mwenye nyumba anakohoa.

Njoo sasa uswahilini kwetu. Nyumba nyingi zina bafu la uani, kuta za matofali au mabati, na juu wazi. Ukuta ule ulijengwa kwa kipimo cha macho ya mtu mwenye miguu. Aliyeujenga hakuwa mjinga kuacha paa. Juu walikuwako kunguru na Mwenyezi Mungu, na wote wawili hawasimulii walichokiona. Leo nimeongezeka mimi. Nikipita pale sijabomoa ukuta wala kuvunja kufuli, lakini ukuta nimeufuta. Kwa hiyo mwenye bafu akinifokea, ni kweli kwamba ananionea?

Mshikaji wangu mmoja hukasirika nikifika hapa. “Acha longolongo,” anasema, “kutoka juu huoni mtu, unaona mchwa!” Na kwa hesabu hajakosea. Lenzi pana ya kawaida ya droni, ikiwa mita 100 juu, inameza kama mita 150 za upana. Picha ikiwa na nukta 4,000 kwa upana huo, kila nukta inabeba karibu sentimita nne za ardhi, kwa hiyo uso wa mtu unabaki nukta nne tu. Hata mama yake mzazi hatamtambua. Lakini shusha mtambo ule ule mpaka mita 10, uso unakuwa na nukta 40, na mtu anafahamika. Tatizo ni kwamba aliye chini hana namna ya kujua ninaona nini. Yeye anasikia mlio wa nyuki na kuona kitu cheusi. Mwezi Julai 2015, katika mtaa mmoja wa Kentucky, Marekani, baba mmoja aliitungua droni kwa bunduki akisema imening'inia karibu juu ya mabinti zake waliokuwa uani. Mwenye droni akaapa kwamba ilikuwa zaidi ya futi 200 juu. Watu wawili, chombo kimoja, na kila mmoja alikuwa na urefu wake. Silisifu risasi, chuma kinachoanguka hakichagui kichwa. Ila kisa kile kinanionyesha kwamba ushahidi wote uko mikononi mwa anayerusha, na anayetazamwa hana hata chembe. Basi nani kati yao anayepaswa kuanza kusema?

Tena ipo hofu, nayo ina historia. Miaka michache baada ya bomoabomoa ya Desemba 2015 katika bonde la Msimbazi, nilikwenda kandokando ya bonde kupiga picha za mto. Kabla hata sijafungua begi, mama mmoja aliyekuwa anakaanga mihogo alinitazama, akatazama begi, akauliza, “Mnapima tena?” Maneno mawili tu. Wakati ule nyumba zilibomolewa na nyingine zikapigwa X nyekundu ukutani, na kwa mama yule mtu mwenye chombo cha kupimia ndiye anayetangulia, tingatinga linafuata. Nilimwonyesha droni ikiwa bado imekunjwa, nikamwambia nafuata mto tu. Akasema, “Haya, mwanangu, lakini usinipige nyumba.” Nikarusha kuelekea upande wa pili.

Na hapo ni Dar es Salaam, kwenye amani. Mlio huu huu una maana tofauti kila mahali. Rwanda, tangu Oktoba 2016, droni zinabeba damu kwenda hospitali za mbali, na mtu akiusikia huenda akamkumbuka mgonjwa aliyepona. Goma, Umoja wa Mataifa ulianza kurusha droni za upelelezi Desemba 2013, na baadaye zikaja nyingine zenye mabomu. Mtu aliyekimbia vita Kivu, akakutana na droni yangu ya harusi Kigamboni, atainama chini. Nitamwita mshamba?

Sasa nimfikie mshikaji wangu mwingine, ambaye hoja yake ni nzito zaidi. Yeye anasema: ukimpa kila mwenye hasira haki ya kukuzuia, utawapa na wabaya. Yuko anayemwaga taka mtoni usiku. Yuko aliyezungushia ukuta kiwanja cha wazi cha watoto. Hao ndio wa kwanza kupiga kelele wakiona droni, tena wanapiga kwa jina la “faragha.” Wako na wale wanaotaka tu hela ya soda. Na picha za juu zina faida kwa hao hao wanaozikataa: Ramani Huria, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015, ilitumia pia picha za droni kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko. Tungeomba ruhusa kwa kila mwenye paa, mji usingekuwa na ramani mpaka kiama.

Nakubali. Ndiyo maana nazitenga hasira za watu katika mafungu matatu: hasira ya aibu, hasira ya hofu, na hasira ya hila. Ya aibu, kama ile ya mwenye bafu, naitii pale pale bila ubishi, kwani aliye kwake hana deni la kunieleza kwa nini hataki kuonwa. Ya hofu naieleza: naonyesha kioo, naonyesha picha iliyopigwa, namwacha aulize; asiporidhika nahamia pengine, kwa sababu hofu ile sikuipanda mimi lakini pia si mimi wa kuitangaza kuwa imekwisha. Ya hila siitii. Mto ni wetu sote, na anayeuchafua hawezi kujifunika shuka la mwenye bafu.

Ila hapa ndipo penye kazi. Mtambo ukiwa hewani, hasira zote tatu zina sauti moja. Mwenye aibu anafoka, mwenye hofu anafoka, mwenye hila anafoka. Huwezi kuzitofautisha huku umekodoa macho kwenye kioo na vidole viko kwenye rimoti. Na ukijaribu, una hatari mbili, kwani mtu akikushika mkono mtambo unaweza kumwangukia mtoto. Kwa hiyo mimi kanuni yangu ni kwamba mtu akija kwa ukali, droni inashuka kwanza, ndipo mazungumzo yanaanza. Wengine wananiambia huko ni kushindwa. Mimi naona ni kukaa sawa na mwenzangu, wote tukiwa ardhini, macho kwa macho. Nikigundua ni wa hila, betri ninayo nyingine.

Na kabla ya kurusha naenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kwa mjumbe; ningekuwa Zanzibar ningeanza kwa sheha. Naenda na mwenzangu, mmoja arushe, mmoja aongee na watu. Reflekta sivai, labda niwe barabarani na magari yanapita. Watoto nawaita wa kwanza watazame kioo, kwa sababu mtoto aliyeona paa la kwao litapeleka habari nyumbani upesi kuliko tangazo lolote. Haya yananipotezea saa nzima, na mteja wa harusi hanilipi saa hiyo.

Mtu ataniuliza, je, hodi hii ni sawa na kuomba ruhusa? Hapana, na nafikiri kutozitofautisha ndiko kunakotugombanisha. Ruhusa inaweza kunyimwa, na kuna picha ambazo lazima zipigwe hata kama mwenye hila ameninyima. Lakini hodi anaidai kila mtu, hata yeye. Hodi ni kusema: mimi ni fulani, niko hapa, nimesimama ambapo unaweza kuniona. Anayemtazama mtu naye akubali kutazamwa. Ukilikwepa hilo, hata ukiwa na vibali kumi, umebaki mtu anayechungulia.

Wenzangu mnaoandika hadithi, jambo hili msidhani ni la wenye mitambo peke yao. Sisi nasi hupita juu ya nyua za majirani, tukachukua ugomvi wa shangazi na talaka ya mwenye nyumba, tukaziweka kitabuni. Kuna ya kusema hata kama watu watanuna, na kuna ya bafuni. Mimi bado sijui mpaka wenyewe uko urefu gani. Anayeujua, au anayeona nimekosea kumshushia droni kila mwenye kelele, naomba achukue kalamu anijibu hapa hapa.