Nani Atolewe Kafara? Sanaa na Uongozi wa Tabianchi katika Mwambao wa Kisumu

Suala la nafasi ya msanii katika jamii limewashughulisha wahakiki wa Afrika Mashariki kwa muda mrefu. Wafuasi wa mkabala wa sanaa kwa ajili ya jamii hudai kuwa msanii ni kiongozi wa fikra, wala si mburudishaji tu. Dai hilo limekabiliwa na mtihani mgumu katika mwambao wa Kisumu. Mwezi Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe, yalifikia kina ambacho hakikuwa kimewahi kurekodiwa tangu upimaji uanze mwishoni mwa karne ya 19. Makazi na mashamba ya mwambaoni yakafunikwa. Mwaka 2024 ziwa lilifurika tena. Je, sanaa ina uwezo wa kuongoza katika janga la namna hii, au kazi yake ni kubeba ujumbe uliokwisha kuandaliwa na wengine?

Jibu linahitaji kwanza kutofautisha kutangaza na kuongoza. Igizo linalowaasa wakaaji wa Nyalenda wazibue mitaro kabla ya masika lina manufaa dhahiri, na mhakiki anayelibeza hajui thamani ya onyo linalotolewa kwa wakati. Hata hivyo, anayetangaza hufuata. Aliyelipia ujumbe ndiye aliyekwisha kuamua nani mkosaji na nani atabeba gharama. Kuongoza ni kulirejesha swali hilo mbele ya hadhira.

Fasihi ya mwambao huu imekwisha kufanya hivyo. Kisa cha Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi karibu na Kendu Bay, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, husimulia habari za ajuza aliyefukuzwa na wanakijiji waliokuwa katika sherehe; mvua ikanyesha, kijiji kikazama. Msomaji wa juujuu hutoa funzo jepesi: gharika ni adhabu, basi waliogharikishwa wana hatia. Funzo hilo likihamishiwa Kisumu ya leo, mvuvi aliyepoteza nyumba huambiwa kuwa ni yeye aliyekata miti. Lakini ndani ya kisa wenye hatia ni walioshiba, waliomnyima mgeni hifadhi. Kenya nzima huchangia sehemu ndogo sana ya gesi zinazoongeza joto la dunia. Kwa mizani ya kisa chenyewe, karamu iko kwingine, na mvuvi amesimama mlangoni pamoja na ajuza.

Grace Ogot alilisukuma swali hilo mbele zaidi. Katika hadithi fupi "The Rain Came", iliyomo katika mkusanyiko wake Land Without Thunder (1968), mtawala Labong'o anaambiwa na mganga kuwa mvua haitanyesha mpaka bintiye, Oganda, atolewe kafara kwa zimwi la ziwani. Jamii inamuaga kwa ngoma na nyimbo. Hapa pana jambo linalopasa kuwashtua wasanii: ni nyimbo hizo zinazolainisha kafara. Sanaa imo ndani ya uamuzi, haiko nje yake. Kisha Osinda anamwokoa Oganda, na mvua inanyesha vilevile. Gharama iliyodhaniwa kuwa ya lazima inadhihirika kuwa haikuwa ya lazima.

Swali hili linawagusa pia wasanii wa mikono. Kule Dunga, kusini mwa jiji, mafunjo ya kinamasi hufumwa mikeka na vikapu. Kinamasi hichohicho huhifadhi kaboni na ni mazalio ya samaki. Mafunjo yakikatwa kupita kiasi, kinamasi hufa. Kikikabidhiwa wajenzi kwa jina la maendeleo, au ukataji ukipigwa marufuku kabisa kwa jina la hifadhi, anayetolewa kafara ni mfumaji.

Hivyo basi, uongozi wa sanaa haupimwi kwa wingi wa matamasha wala kwa mabango yaliyochorwa. Jiji likitaka sanaa iongoze, liwaite wasanii pale mipango inapoamuliwa, si siku ya uzinduzi tu. Huko ndiko swali la Oganda linakostahili kuulizwa, kabla ngoma haijaanza: nani amechaguliwa, na ni nani aliyemchagua?