Mtutu Hauna Mzaha

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Idd el-Fitr ya mwaka juzi niliisherehekea Mbale, kwa mjomba wangu. Mjomba ni mfanyabiashara na anamiliki bastola kwa kibali. Baada ya chakula cha mchana wazee walitoka kuzuru jamaa, sisi vijana tukabaki sebuleni tukicheza PUBG kwenye simu. Ukazuka ubishi kuhusu uzito wa bastola ya kweli. Mtoto wa mjomba, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akaingia chumbani kwa baba yake na kurudi nayo. Kabati halikuwa limefungwa. Akachomoa magazini mbele ya macho yetu, akaiweka mezani na kusema, “Sasa haina kitu.” Kisha akanielekezea kifuani huku anacheka. Nilimwomba aiweke chini. Alipokuwa anageuza mkono, ikalia.

Risasi ilitoboa mlango wa chumba alimolala mdogo wake wa miaka minne. Tuliikuta imezama ukutani, juu kidogo ya kitanda. Alhamdulillah, mtoto hakuguswa. Masikio yangu yalivuma hadi siku ya pili.

Kosa lilikuwa wapi? Kuchomoa magazini hakuondoi risasi ambayo tayari imeingia kwenye chemba. Huyu ndugu yangu aliweza kukutajia bunduki zote za gemu lile, lakini hili moja hakulijua. Simu ilikuwa imemfundisha majina, naye akadhani imemfundisha silaha.

Ndugu wasomaji, bunduki tunazoziona kwenye gemu si za kubuni tu. AKM ya PUBG ni bunduki ya Kirusi iliyoboreshwa mwaka 1959 kutoka AK-47. Kar98k ilikuwa bunduki ya askari wa Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili. AWM ilitengenezwa Uingereza kwa ajili ya wadunguaji. Watengenezaji wengine wa silaha waliwahi kulipwa ili majina yao yatumike kwenye gemu. Mwaka 2013 kampuni ya Electronic Arts ilitangaza kuacha malipo hayo, ila bunduki zenyewe zingebaki. Kwa hiyo unachokishika kwenye kioo ni picha ya kitu kilichoua watu halisi, na katika nchi zetu hizi za Maziwa Makuu wengi wetu tuna jamaa waliouawa nacho.

Picha hiyo ina mapungufu yake. Kwenye gemu, aliyepigwa risasi hurudi uwanjani raundi inayofuata, na aliyejeruhiwa hufunga bendeji kwa sekunde chache akaendelea kukimbia. Risasi ya kweli ya AK-47 hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 700 hivi kwa sekunde. Hupenya mlango, mabati na ukuta wa udongo, na haimuulizi aliye upande wa pili kama naye yumo mchezoni.

Aliyeibuni AK-47, Mikhail Kalashnikov, alifariki Desemba 2013 akiwa na miaka 94. Mwezi uliofuata gazeti moja la Urusi lilichapisha barua aliyokuwa amemwandikia kiongozi wa kanisa lake. Mzee yule alieleza maumivu ya roho yasiyovumilika, akauliza kama yeye anabeba lawama ya watu waliouawa kwa bunduki yake. Hakuwa wa dini yetu, lakini swali lake linatuhusu. Mtu anaweza kusifiwa na taifa zima, akavishwa nishani, na bado uzeeni akaogopa hesabu. Sisi tunaosoma katika Surat al-Maida, aya ya 32, kwamba kuua nafsi moja bila haki ni kama kuua watu wote, tuna sababu zaidi ya kuiogopa.

Je, nataka kusema kwamba gemu ni haramu? Hapana, hilo silo nililolikusudia. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba siku ya Idd Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Madina, na Mtume (s.a.w.) hakuwakataza. Alimwachia hata mama yetu Aisha (r.a.) awatazame mpaka akatosheka. Pia alihimiza kujifunza kulenga shabaha. Lakini katika msikiti huohuo alipita mtu mwenye mishale, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aishike kwenye ncha zake asije akamchoma Muislamu. Mchezo uliruhusiwa, uzembe haukuruhusiwa. Hapo ndipo mpaka ulipo.

Ukienda leo kwa mwalimu yeyote wa silaha, atakufundisha kanuni nne kabla hujagusa bunduki. Ihesabu kila bunduki kuwa ina risasi. Usiuelekeze mtutu kwa kitu ambacho hukukusudia kukiangamiza. Weka kidole mbali na kifyatulio mpaka uwe tayari kufyatua. Jua unacholenga na kilicho nyuma yake.

Sasa rudi kwenye hadithi. Mtume (s.a.w.) alitukataza kumwelekezea ndugu yetu silaha, kwa kuwa mtu hajui, huenda shetani akauvuta mkono wake naye akatumbukia motoni. Katika Muslim imekuja kwamba malaika humlaani anayemwelekezea mwenzake chuma, hata akiwa ni ndugu yake wa baba na mama. Abu Dawud amepokea kwamba alikataza kupokezana upanga uliochomolewa alani. Na alikataza Muislamu kumtisha Muislamu, baada ya watu kumfanyia mzaha mwenzao aliyekuwa amelala. Tazameni: hakusema “kama ina risasi” wala “kama hutanii”. Walimu wa silaha walizifikia kanuni zao baada ya ajali nyingi. Sisi tumezirithi kama ibada, kisha tunazisahau kwa ajili ya kicheko cha dakika moja.

Wala tusijifariji kwamba bahati mbaya haina hesabu. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 92, aliyemuua muumini kwa kukosea analazimika kutoa diya kwa wafiwa, ila wakisamehe, na kafara, ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Anasamehewa dhambi ya kukusudia, lakini haambiwi aende zake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo nawausia, nikianza na nafsi yangu. Ukimkuta askari wa getini amekaa na bunduki, usimwombe uishike upige picha. Ukiona mtoto anamlenga mwenzake kwa bunduki ya plastiki, mfundishe adabu ya mtutu angali mdogo. Na ikiwa nyumbani kwenu kuna mzee mwenye silaha, muulizeni kwa heshima: Kibali kiko hai? Imefungiwa wapi? Risasi zimetengwa nayo? Ufunguo anao nani? Silaha ni amana. Haitoshi mwenye nayo awe mtu mwema, ni lazima pia kabati lifungwe.

Mjomba hakumpiga mwanawe siku ile. Alikaa chini, akamkumbatia yule mdogo, akasema, “Kosa la kwanza ni langu.” Wiki hiyohiyo alinunua kasha la chuma. Ndugu yangu bado anacheza PUBG, nami hucheza naye. Ila mtu akimnyooshea hata kidole kwa mfano wa bastola, hukishika kile kidole taratibu na kukigeuzia chini.

Ewe Mola wetu, zihifadhi damu zetu, itie hofu yako mikononi mwetu kabla ya nguvu, na utujaalie kuwa watu ambao jirani zao wanasalimika nao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.