Kudra na Mkono wa Mtu

Kwenye matanga, watu huambiana kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Ni neno la faraja, na mfiwa analihitaji. Likihamishiwa kwenye fasihi, huzaa usomaji wa kivivu: mhusika ameanguka, kudra imemshinda, kitabu kinafungwa.

Anayesomwa hivyo kuliko wote ni Edipode wa Mgiriki Sophocles, mhusika mkuu wa tamthilia ya karne ya 5 kabla ya Kristo ambayo Samuel Mushi aliifasiri kwa Kiswahili. Edipode anatabiriwa kuwa atamuua baba yake na kumwoa mama yake, hivyo anawakimbia wale anaowadhania ni wazazi wake. Penye njia panda, mzee aliyepanda gari la farasi anampiga kichwani. Edipode anamuua pale pale, asijue kuwa ndiye baba yake. Mtu aliyekwisha kuonywa kuwa atamuua baba yake anamwinulia mkono mzee asiyemjua! Utabiri ulitaja tendo. Hasira ilikuwa yake. Baadaye Jocasta, mkewe ambaye ndiye mama yake, anamsihi aache kuulizauliza juu ya asili yake, naye hasikii. Akiisha kuujua ukweli na kujitoboa macho, anakiri kwamba mateso yameletwa na mungu Apollo, ila mkono uliotoboa ni wake.

Mnigeria Ola Rotimi alikihamishia kisa hicho kwa Wayoruba katika The Gods Are Not to Blame, iliyoigizwa mara ya kwanza Ife mwaka 1968, vita vya Biafra vikiendelea. Edipode wa Rotimi, Odewale, anamuua mzee katika ugomvi wa shamba, na kinachomchoma ni tusi juu ya kabila lake. Mwishoni anawakataza watu kuilaumu miungu. Kwa nchi iliyokuwa ikiuana, hilo halikuwa pambo la jukwaani.

Mjadala wa kudra na mkono wa mtu uko hata kwetu. Wanazuoni wa Kiislamu wa Kiashari, ambao mafundisho yao yameenea pwani yetu, wanasema kwamba Mungu ndiye muumba wa kila tendo, na hata hivyo mja hulichuma na ataulizwa juu yake. Fasihi haiumalizi mjadala huo. Inachoweza ni kumsimamisha mtu mbele yetu akiwa amebanwa kila upande, tuone atafanya nini.

Mtanzania Ebrahim Hussein alifanya hivyo katika tamthilia yake Kinjeketile, mwaka 1969. Neno la mganga Kinjeketile, kwamba maji yatawakinga watu na risasi za Wajerumani, linamponyoka. Yeye anataka vita vingoje, watu hawangoji. Akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme kuwa maji yalikuwa uongo. Kifo chake kimekwisha kuamuliwa, lakini jibu bado ni lake, naye anakataa, kwa sababu anawafikiria watakaopigana baada yake. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa Agosti 1905, na Vita vya Maji Maji vikaendelea hadi 1907.

Walimu wanaoifundisha tamthilia hii wasiishie kuwauliza wanafunzi kama maji yalikuwa kweli au uongo. Wawaulize kwa nini mtu asiye na njia ya kuokoka alikataa kulikana neno lake.