Nipe Mpira

Kuna swali ambalo halijawahi kuisha hapa maskani kwetu Likoni, na si kwamba hatujajaribu. Mchezaji wa basketi wa kulipwa, tuseme ni mzuri, tuseme ni maarufu, tuseme mshahara wake hata hesabu yake yatuchosha: ni nini hasa kinachomfanya awe supastaa? Kwenye soka hatubishani hivi, kila mtu ana timu yake na ukaidi wake. Lakini kwa huu mchezo ambao wengi wetu twautazama usiku wa manane kwenye simu, kwa data ya kuungaunga, swali lauma kidogo. Nadhani ni kwa sababu jina la kwanza kutajwa huwa ni la mtu wa kwetu. Hasheem Thabeet.

Kwa asiyemjua: Mtanzania, kijana wa Dar es Salaam, urefu futi 7 na inchi 3. Aling'ara katika Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili kwenye drafti ya NBA, ile siku timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba, Stephen Curry. Zisome tena hizo sentensi polepole, halafu uongeze hii: Thabeet alitoka NBA na wastani wa pointi 2.2 kwa mechi.

Maskani hugawanyika papo hapo. Mmoja atasema Thabeet ni supastaa na mjadala umefungwa, kwa sababu kabla yake hakuna Mtanzania aliyewahi kucheza NBA. Mwingine atasema ni hasara tupu, nafasi ya Curry ilipotea bure. Mimi naona hakuwa supastaa, na kulisema hilo si tusi. Ile namba mbili hakujipa mwenyewe. Alipewa na watu wazima wenye suti na mahesabu yao, kisha akapimwa kwa hiyo namba maisha yake yote.

Nalielewa hilo kuliko ninavyopenda kukubali. Mtaani kwetu nilikuwa "yule wa kwenda chuo". Nilienda. Nikaacha mwaka wa pili. Mpaka leo mzee wa duka akinipimia sukari huniuliza, "Masomo vipi, mwanangu?" nami humjibu, "Yaendelea, mzee." Sijui ni nani kati yetu anayemhurumia mwenzake.

Pointi basi? Ukihesabu pointi peke yake utapata orodha, hutapata supastaa. Kuna watu wanaofunga sana kwenye timu zinazopigwa kila wiki. Wengine watakwambia supastaa ni yule anayerudisha kwao, na hapo lazima Dikembe Mutombo atajwe, yule Mkongo aliyejenga hospitali Kinshasa na kuipa jina la mama yake. Mimi hapo husimama kidogo. Mutombo alikuwa supastaa kwa sababu ya alichowafanyia watu waliothubutu kurusha mpira mbele yake. Mara nne alitajwa mlinzi bora wa NBA. Hospitali ni jambo lingine, na pengine kubwa zaidi. Tukichanganya wema na ustaa tunavivunjia heshima vyote viwili.

Kwangu mimi jibu lilianza Yaoundé, Februari 2021. Kenya dhidi ya Angola, mechi ya kufuzu AfroBasket. Angola, mabingwa wa Afrika mara 11. Kenya, ambao hatukuwa tumeonekana kwenye fainali hizo tangu 1993. Mwisho wa mechi tuko nyuma kwa pointi moja, na mpira uko mikononi mwa Tylor Ongwae. Anarusha. King'ora kinalia. Mpira unaingia, 74 kwa 73, na Kenya inafuzu baada ya miaka 28. Mimi nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Baadaye, nikiwa nimelala, ndipo likanijia. Na kama ungekosa? Ungegusa chuma upande na kutoka nje. Mtu yuleyule, mkono uleule, uamuzi uleule. Asubuhi tungemuita mchoyo. Tungesema kwa nini hakutoa pasi. Yaani tofauti kati ya shujaa na mbinafsi ni upana wa kidole kwenye chuma ambacho hakimjui mtu? Kama ndivyo, hili jina tunalogawa ni bahati nasibu tu.

Sidhani. Hata warushaji bora duniani hukosa zaidi ya nusu ya mitupo yao ya pointi tatu. Supastaa basi ni mtu anayekosa sana mbele ya watu, na bado sekunde za mwisho mpira unamtafuta yeye. Anauomba, na wenzake wanampa wakijua huenda akakosa. Hiyo ruhusa haitolewi na kocha wala mashabiki. Inajengwa mazoezini, siku ambazo hakuna kamera.

Lakini si kila anayeomba mpira. Kila uwanja wa mtaani una jamaa asiyetoa pasi, na wetu tunao wawili. Ukitaka kumjua mtu, usimtazame mpira ukiingia. Mtazame ukikosa, anaangalia wapi. Jamaa zetu huangalia mkono wa aliyewapa pasi, au ringi, au mmoja wao siku moja aliangalia juu akalaumu upepo wa bahari. Supastaa anarudi nyuma kukaba. Kosa ni lake na kila mtu analijua, kwa hiyo wale wengine wanne wanaweza kucheza bila woga. Hiyo ndiyo kazi yake. Kubeba lawama kabla haijajulikana kama itakuwepo.

Naandika haya kama mtu aliyewahi kukwepa.

Ilikuwa fainali ya mashindano madogo ya mitaa, uwanja wa saruji, ringi bila nyavu, sisi wa Likoni na vijana wa Kisauni. Tuko nyuma kwa pointi moja. Mimi ndiye niliyekuwa nafunga siku ile, na mpira ninao. Kwenye kona kuna mwenzetu mdogo kuliko sote, hajakabwa. Nikampa. Akakosa. Watu walimsema vibaya, hata wadogo zake, na baada ya wiki kadhaa akaacha kuja uwanjani. Mimi niliambiwa pasi ilikuwa sahihi. Na ilikuwa sahihi! Ukiwa na video utaona hivyo. Kitabu chochote cha basketi kitakwambia mpe aliye wazi. Ila mimi sikumpa kwa sababu yuko wazi. Nilimpa kwa sababu niliogopa, na yeye alikuwa karibu.

Chuo niliacha namna ileile. Huwa nasema karo ilinitoa, na karo kweli ilikuwa shida. Lakini nilikuwa nimeshaacha kuingia darasani miezi kadhaa kabla. Nilikuwa nasubiri kitu kingine kirushe kwa niaba yangu.

Ndiyo maana siwezi tena kumcheka Thabeet. NBA ilipomfungia mlango alienda kucheza Japani, akacheza Taiwan, mtu aliyechaguliwa mbele ya Curry, kila uwanja anaoingia kuna anayeijua ile hadithi. Supastaa, hapana. Lakini aliendelea kuuomba mpira.

Mwezi uliopita nilikutana na yule wa kona. Ana tuktuk sasa, tulikuwa feri moja kutoka upande wa mjini, yeye amekaa kwenye usukani akisubiri, mimi nimesimama kando na mkoba wangu. Tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani. Kisha akacheka peke yake.

"Waikumbuka ile fainali na Kisauni? Ulinipa pasi safi, kaka. Mimi ndiye niliyewaangusha."

Nikafungua mdomo. Feri ikagusa upande wa Likoni, watu wakaanza kusukumana kushuka, nyuma yake magari yakaanza kupiga honi. Akawasha tuktuk, akaniangalia kama anayesubiri kitu.

"Hukuwa umekabwa pale," nikamwambia. Na ni kweli.